Shore Mezani: Jinsi ya Kumfundisha Mwanafunzi Kumtambua Ndege

Tunapokwenda kukagua mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukuta andalio la somo la Sayansi ambalo mada yake ni ndege, na zana zake ni ubao, chaki, na picha ya kuku iliyokatwa gazetini. Mwalimu huchora ndege ubaoni, huandika majina ya sehemu za mwili wake, nao wanafunzi hunakili: mdomo, mbawa, manyoya, kucha. Wakati huohuo, nje ya dirisha, katika mti ulio karibu na mlingoti wa bendera, ndege hai anaimba kwa nguvu hata mwalimu analazimika kupaza sauti ili asikike. Ni walimu-wanafunzi wachache mno tuliowaona wakisimamisha somo na kusema, "Hebu tumsikilize."

Hatusemi hivi kwa kuwalaumu. Mwalimu anayeanza kazi huogopa kitu asichoweza kukitawala, na ndege ni kitu cha namna hiyo. Picha hukaa pale inapobandikwa, ndege huruka. Mwalimu akimtegemea, huenda akaaibika mbele ya wanafunzi wake, na mbele ya mkufunzi aliyeketi nyuma na kalamu mkononi. Kwa hiyo makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kumfanya ndege aje mwenyewe mahali tunapotaka, na karibu na saa tunayoitaka, na jinsi ya kuitumia ziara yake kumfundisha mtoto kutazama. Tumemchagua ndege mmoja tu, naye ni shore.

Kwa nini shore

Shore ni ndege mdogo wa vichakani na wa mapori yenye miti, ambaye amezoea kuishi karibu na watu. Wataalamu humwita Pycnonotus tricolor. Vitabu vya zamani, na hata baadhi ya vile vya karibuni, humweka pamoja na jamaa zake wa Afrika Magharibi na Kaskazini katika jina la Pycnonotus barbatus. Hapa kwetu huonekana pwani na bara, mijini na vijijini, katika bustani, kandokando ya mashamba, na kwenye kingo za misitu. Ndani kabisa ya msitu mnene hakai sana. Huko wako jamaa zake wengine wenye rangi ya kijani iliyofifia, ambao hata mabingwa wa elimu ya ndege huumiza vichwa kuwatofautisha. Mwalimu wa shule ya msingi asijitie huko.

Jina lake nalo lahitaji neno moja. Majina ya ndege katika Kiswahili hayajatulia kama majina ya samaki yalivyotulia kwa wavuvi. Wako wamwitao shore, wako wamwitao shorewanda, na wanafunzi wengi watakuja na jina walilolisikia kwa bibi zao katika lugha ya nyumbani. Mwalimu asiseme kwamba jina hilo ni kosa. Aliandike ubaoni pamoja na mengine, kisha awaulize wanafunzi kama wote wanamsema ndege mmoja. Swali hilo peke yake latosha kuwatoa nje darasa zima, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kubishana ndani.

Tumemchagua shore kwa sababu hana woga mwingi, hula matunda ambayo kila kijiji kinayo, na haonekani kwa msimu bali mwaka mzima. Iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi kwa mwalimu. Shore si ndege wa rangi kali. Kwa mbali ni ndege wa kahawia tu, na mtoto asiyetazama vizuri atasema ni shomoro. Ndege anayetambulika kwa kutupiwa jicho mara moja hamfundishi mtu kutazama.

Kumtambua

Kosa linalofanywa mara nyingi ni mwalimu kulitaja jina kwanza. Akishasema, "Yule ni shore," kazi imekwisha. Wanafunzi huandika jina na macho yao hugeukia mengine. Yatupasa kulizuia jina mpaka mwisho, hata kama mwanafunzi mmoja analijua na anatapatapa kulisema. Aambiwe alifiche, na atuthibitishie.

Tuanze na ukubwa, maana huu huonekana hata kivulini. Wanafunzi wote wanamjua shomoro na wanamjua tetere. Je, ndege huyu ni mkubwa kuliko shomoro? Ndiyo, tena kwa dhahiri. Je, amemfikia tetere? Hapana. Kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia shore ana urefu wa sentimeta 18 hadi 20, yaani karibu sawa na penseli mpya. Tumeona inafaa kumpa kila mwanafunzi kijiti cha urefu huo akishike mkononi kabla ya kutoka.

Kisha mdomo. Mdomo wa shore ni mweusi, mwembamba kiasi, na umepinda kidogo sana kuelekea chini. Si mnene kama wa kwera, ambaye huvunja mbegu, wala si mrefu uliopinda kama wa chozi, ambaye hufyonza maji matamu ya maua. Hapa mwalimu anaweza kuuliza: mdomo wa namna hii wafaa kula nini? Wanafunzi wakisema matunda laini na wadudu, wamesema kweli kabla hawajamwona akila, na meza tutakayoieleza hapa chini itawapa nafasi ya kuhakikisha.

Ndipo tuje kwenye rangi, nazo tuzitafute mahali patatu tu. Kichwa ni cheusi au kahawia iliyokoza sana, na manyoya ya utosini huinuka kidogo kama kishungi kisichochanwa, hasa ndege anaposhtuka. Mgongo na kifua ni vya kahawia, na rangi hiyo hupauka kuelekea tumboni mpaka karibu na weupe. Mahali pa tatu ni chini ya mkia, pale unapoanzia. Hapo pana kipande cha manjano safi, kama kwamba ndege ameketi juu ya kiini cha yai. Dume na jike wanafanana, kwa hiyo mwalimu asiwatume wanafunzi kutafuta tofauti isiyoonekana kwa macho.

Kipande hicho cha manjano kilitufundisha jambo ambalo hatujalisahau. Katika shule moja mwalimu-mwanafunzi wetu alikuwa ametengeneza picha kubwa kwenye karatasi ya manila, yenye rangi nzuri, na chini yake akaandika kwamba shore ana tumbo la manjano. Msichana mmoja wa Darasa la Nne akanyosha mkono, akasema kwamba tumbo si la manjano, ila "pale nyuma anapokalia." Darasa likacheka. Mwalimu akamwambia akae chini, asome kilichoandikwa. Nasi tuliokuwa nyuma tukiandika maoni yetu hatukuandika neno lolote juu ya jambo lile, kwa sababu, ukweli usemwe, hatukujua ni nani kati yao aliyekuwa sawa. Wakati wa mapumziko tulitoka na kusimama chini ya mwembe. Shore akaja, akatua kwenye tawi la chini, akainama kudonoa embe lililooza, na mkia wake ukanyanyuka mbele ya macho yetu.

Mwalimu yule alifanya jambo la ushujaa siku iliyofuata. Aliibandika tena picha ileile, akamwita yule msichana mbele, akampa kalamu ya rangi airekebishe. Hatukumwagiza. Katika maoni yetu ya mara ya pili tuliandika kwamba somo lile lilikuwa bora kuliko lote tuliloliona muhula ule, ingawa halikufuata andalio.

Mwisho, sauti na mwenendo. Shore huanza kuimba mapema sana, kabla jua halijachomoza, kwa mluzi wa mikato mitatu au minne ya haraka yenye furaha. Jioni, wanapokwenda kulala, hukusanyika na kupiga kelele nyingi. Akiona nyoka, paka, au bundi, hutoa sauti ya ukali isiyokoma, na mara wenzake pamoja na ndege wa aina nyingine huja kumsaidia kelele. Wanafunzi wafundishwe kuitambua sauti hiyo kwa faida yao wenyewe: shore akilalama kwa kung'ang'ania juu ya kichaka kimoja, mtu asiingie kichakani humo kuokota mpira.

Chakula, na kosa tulilolifanya

Meza ya ndege ni ubao tu uliowekwa juu ya mti uliosimikwa ardhini, na juu yake huwekwa chakula. Kabla ya kueleza ujenzi wake hatuna budi kusema juu ya chakula chenyewe, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea, na hatupendi mwingine arudie.

Mwaka mmoja tuliwaagiza walimu-wanafunzi wawili watengeneze meza katika shule waliyopangiwa. Walifanya kazi kwa bidii. Walinunua sokoni, kwa fedha zao, ndizi mbivu kadhaa na papai zima, na asubuhi wakazipanga mezani mbele ya wanafunzi waliokuwa mstarini. Saa nne tulipotoka na darasa kwenda kutazama, papai lilikuwapo, lakini ndizi zilikuwa zimekwisha, na maganda hayakuonekana. Mmoja wa walimu wale akauliza kwa hasira ni nani aliyekula ndizi za ndege. Kimya. Akauliza tena. Mtoto mmoja mdogo akajibu, bila ufidhuli wowote, "Mwalimu, ndege alikuwa bado hajaja."

Mwalimu mkuu alitueleza baadaye, kwa upole, kwamba watoto wengi wa shule ile walikuwa wakitembea mwendo mrefu kuja shuleni bila kunywa hata chai. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Sisi ndio tuliotoa agizo, wala hatukuuliza kwanza. Tulikuwa tumekwenda kuwafundisha watoto wenye njaa kwamba chakula kizuri ni cha kumtupia ndege, kisha tukataka kuwaadhibu kwa kutokukubali.

Tangu siku ile tunafuata kanuni moja, nayo twaomba kila mwalimu aifuate: mezani pasiwekwe kitu chochote ambacho mtoto angeweza kukila. Shore hapotezi neno katika kanuni hii. Ganda la papai lililokwanguliwa, likiwa na nyama nyembamba iliyobaki, humtosha kabisa. Kokwa la embe lenye nyuzi, pera lililoanguka na kuliwa na funza, ndizi iliyopondeka na kuwa nyeusi, yote haya ni karamu kwake, na funza naye ni sehemu ya karamu, maana shore hula wadudu pia. Tena tumeona kwamba hukaa muda mrefu zaidi akidonoa ganda kuliko anapokula tunda laini, naye mwanafunzi hupata nafasi ya kumtazama. Watoto waambiwe walete mabaki kutoka nyumbani. Kazi ya kuleta iwe ya zamu, na asiye na kitu asiulizwe.

Wali, ugali, na mkate visiwekwe. Vinawaita panya usiku, huchacha upesi, na vyakula vyenye chumvi si vizuri kwa ndege wadogo. Kilichooota ukungu kisiwekwe kamwe.

Hapa inafaa kusema kwa nini tunaweka chakula. Mwalimu atakayesoma vitabu vya ng'ambo atakuta kwamba watu wa Uingereza na Marekani huwawekea ndege chakula kwenye bustani zao, hasa majira ya baridi. Huko Marekani Kaskazini yuko ndege mdogo wa misituni aitwaye chickadee, mwenye utosi mweusi na mashavu meupe, ambaye huja kwa wepesi kwenye mbegu za alizeti wakati theluji imefunika kila kitu. Huko chakula cha mtu chaweza kumsaidia ndege avuke usiku wa baridi kali. Kwetu sababu hiyo haipo. Shore wetu hana majira ya theluji, na siku tusipoweka ganda atakwenda kwenye mforsadi wa jirani. Tunamwekea ili tumwone. Kwa hiyo hakuna ubaya wowote kuiweka meza kwa muda wa wiki tatu za mada, kisha kuiondoa, wala mwalimu asiwatie watoto hofu kwamba ndege watakufa shule ikifungwa.

Ujenzi wa meza

Ubao wa sentimeta 40 kwa 30 unatosha. Pembeni upigiliwe vijiti vyembamba ili maganda yasipeperuke, na katika pembe zake zitobolewe tundu za kupitishia maji ya mvua. Mti wa kusimika uwe na urefu wa mita moja na nusu juu ya ardhi, yaani usawa wa macho ya mtoto mkubwa. Debe au kopo kubwa lililotobolewa kitako na kuvalishwa mti huo, mdomo ukitazama chini, humzuia panya na humsumbua paka. Sisimizi huzuiwa kwa kupaka grisi kidogo kwenye mti, chini ya debe, mahali ambapo ndege hatui.

Mahali pa kuisimika ni jambo lenye uzito kuliko ubao wenyewe. Ikiwekwa katikati ya uwanja mtupu, shore hatakuja, kwa sababu hana pa kukimbilia mwewe akipita. Ikisongamana na kichaka, paka atajificha humo. Hatua tatu au nne kutoka kwenye mti au ua ndio umbali unaofaa. Tena iwe mahali panapoonekana kutoka dirisha la darasa, ili wanafunzi waweze kutazama wakiwa wameketi. Baada ya kuisimika, mwalimu asitazamie ndege siku ileile. Huenda zikapita siku tatu, hata wiki. Tunapendekeza isimikwe Ijumaa jioni, wakati wa kazi za mikono, ili ndege waizoee Jumamosi na Jumapili shule ikiwa kimya.

Maji yasisahauliwe. Wakati wa kiangazi sinia la maji huvuta ndege wengi kuliko matunda, nasi tumewahi kuona shore wakioga mpaka wakalowa kabisa na kushindwa kuruka vizuri. Kina cha maji kisizidi upana wa vidole vitatu, na jiwe liwekwe katikati pa kutua. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku, la sivyo shule itakuwa inafuga mbu.

Usafi ni sehemu ya somo. Meza isuguliwe, masalio yaondolewe kila jioni, na anayesafisha anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa mavi ya ndege yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Ndege aliyekutwa amekufa asiguswe na mtoto yeyote, na kama wamekufa kadhaa kwa pamoja, meza iondolewe na habari ipelekwe kwa ofisa mifugo.

Kuhesabu na kuandika

Baada ya ndege kuzoea, darasa ligawanywe katika vikundi vya watoto watano watano, na kila kikundi kitazame kwa dakika kumi. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, hivyo mwalimu amwombe mwalimu mkuu kipindi cha Sayansi kiwe cha kwanza kwa wiki hizo. Mchana wa jua kali ndege hujificha, na wanafunzi watatazama ubao mtupu.

Kila mtoto awe na karatasi yenye mistari michache: siku, saa, hali ya hewa, chakula kilichokuwapo, ndege waliokuja, walichofanya. Neno "walichofanya" ndilo hasa tunalolitafuta. Mtoto atakayeandika, "Shore alimfukuza shomoro, kisha kwera akamfukuza shore," ameona jambo ambalo halimo katika kitabu chake.

Katika kuhesabu litazuka tatizo, nalo lisikwepwe. Mwanafunzi ameona shore wawili. Wameruka. Baada ya dakika tano wamekuja wawili. Je, ameona shore wanne, au wawili? Watoto watabishana kwa ukali, na wote wana hoja. Njia inayotumiwa na watazamaji wa ndege ni kuandika idadi kubwa kabisa iliyoonekana kwa wakati mmoja, bila kujumlisha. Lakini mwalimu asiwape njia hiyo mapema. Wakikaa na tatizo hilo siku mbili, wengine huigundua wenyewe, na hapo hesabu na sayansi hukutana bila kulazimishwa.

Kwa madarasa ya juu liko jaribio jingine. Shore humeza mbegu ndogo za matunda ya porini na kuzitoa mahali pengine, na hivyo huipanda miti bila jembe. Chini ya tawi analolipenda liwekwe gunia au karatasi kwa siku mbili. Mbegu zitakazopatikana zichukuliwe kwa kijiti, zipandwe katika kopo lenye udongo, na katika kopo la pili zipandwe mbegu zilizotolewa moja kwa moja katika matunda yaleyale. Wanafunzi watajionea zipi zinazoota na kwa siku ngapi. Ukweli kamili usifichwe: shore hachagui miti kwa faida yetu. Yeye ni mmojawapo wa wanaoeneza lantana, mmea wa kigeni unaosonga malisho na mashamba, na mwenye bustani ya mipapai hatamsifu hata kidogo. Mtoto wa mkulima akisema kwamba ndege huyu ni mharibifu, asinyamazishwe, amesema alichokiona.

Manati na viota

Katika kila darasa wamo wavulana wenye manati mifukoni. Walimu wengi huanza somo la ndege kwa kuwapokonya. Kwa maoni yetu huko ni kuwapoteza wataalamu tulio nao. Kijana anayewinda ndege anajua wanalala wapi, wanakunywa wapi, na wanashtuka kwa kitu gani. Mwalimu akimpa kazi ya kuwaongoza wenzake, bila manati kwa muda huo, atapata msaidizi. Hatudai kwamba kila mmoja huacha kuwinda. Mmoja tuliyemfahamu aliendelea kuwinda tetere, ila shore wa mezani aliwalinda hata dhidi ya ndugu zake.

Mvua zikianza, huenda wanafunzi wakagundua kiota. Ni kikombe chepesi cha vijiti na nyasi kavu kilichofichwa kwenye panda za tawi, na kwa kawaida huwa na mayai mawili au matatu ya rangi nyeupe au ya waridi yenye madoa. Mayai huatamiwa kwa siku 12 hadi 14, nayo makinda hulishwa na wazazi wote wawili. Darasa zima lisipelekwe huko. Waende watoto wawili kwa siku, wasimame mbali, wasiguse tawi, nao wawasimulie wenzao. Njia inayokanyagwa na watoto arobaini kuelekea kiota humwonyesha paka pa kwenda.

Kwa wale watakaopangiwa pwani kuna tahadhari ya pekee. Huko yupo kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na ambaye sasa ameenea Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, na kwingineko. Kunguru huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na meza iliyo wazi humwita kwa wingi. Mahali alipo kunguru, meza ya ubao isijengwe. Badala yake maganda yachomekwe kwenye vijiti vyembamba vinavyoning'inia kwa kamba katika mti wenye matawi mengi. Shore hutua hapo bila shida, lakini kunguru ni mzito, kijiti humkataa. Akijifunza hata hilo, na anaweza kujifunza, mwalimu aondoe chakula na kubaki na kutazama tu.

Kuwapima wanafunzi

Mada ikiisha hatupendekezi jaribio la kutaja sehemu za ndege. Mwalimu amwambie kila mwanafunzi aandike sentensi tano au sita kumweleza ndege mmoja aliyemwona kwa macho yake, bila kumtaja jina katika lugha yoyote. Karatasi zibadilishwe. Mwenzake asome, kisha aseme ni ndege gani. Akikosea, ama mwandishi hakueleza vya kutosha, ama msomaji hakuwahi kutazama vizuri. Mwalimu asiamue baina yao. Waende wote wawili nje na karatasi hiyo, wasimame karibu na meza wamsubiri ndege, na alama zitolewe watakaporudi.